SURA YA TISA: BETRI NA INVETA KATIKA NYUMBA YA MAGURUDUMU

Umeme wa waya na umeme wa kubebwa

Soga ni stesheni ya reli katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Iko kati ya Pugu na Ruvu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 reli ikafika Morogoro. Magarimoshi ya siku zile yaliendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Tangu mwaka 2024 treni za umeme nazo hupita Soga katika reli mpya.

Ukiitazama reli hiyo mpya kwa mbali, utaona waya mrefu uliotandazwa juu yake. Waya huo una umeme wa volti 25,000. Treni ina mkono wa chuma juu ya paa lake. Mkono huo huugusa waya, na umeme huteremka kuendesha mota za treni. Umeme wa namna hiyo unaweza kuua. Usipande nguzo zake, wala usirushe kitu chochote juu ya waya.

Treni haina haja ya kubeba umeme wake wote, kwa sababu waya huifuata kila iendako. Je, gari la barabarani linapata wapi umeme wa kuwasha taa zake? Na ikiwa ndani ya gari hilo wanaishi watu, wanapata wapi umeme wa feni, jokofu na televisheni? Jibu ni kwamba gari hubeba umeme wake katika betri. Katika sura hii tutajifunza jinsi betri inavyohifadhi umeme, jinsi inveta inavyoubadili, na jinsi vyombo hivyo vinavyotunzwa na kuongezwa uwezo.

Ziara ya darasa

Siku moja wanafunzi wa Darasa la Tano walikwenda pamoja na mwalimu wao kutazama gari lililoegeshwa chini ya mwembe huko Soga. Lilikuwa basi dogo lililoondolewa viti. Mahali pa viti palikuwa na kitanda, meza, jiko na jokofu dogo. Juu ya paa palikuwa na paneli za sola. Mwenye gari alikuwa mzee aliyepata kuwa dereva wa lori. Yeye na mkewe walisafiri kijiji hadi kijiji wakitengeneza pampu za maji, na usiku walilala ndani ya gari lao.

"Shikamoo, babu," wanafunzi waliamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Lakini msiguse kitu kabla sijawaambia."

Mzee alifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na betri mbili kubwa. Kisha akawasimulia habari hii:

"Mwaka jana nilikuwa na betri moja tu na paneli moja. Bibi yenu ana ugonjwa wa kisukari, na dawa yake ya insulini huwekwa katika jokofu. Usiku mmoja wa manane inveta ililia, kisha ikazimika. Taa hazikuwaka, feni ikasimama, na jokofu likaanza kupata joto. Tulichukua dawa ile tukaipeleka kwenye zahanati yenye jokofu kabla ya kupambazuka. Siku ile nilitambua kuwa nimekuwa nikitumia umeme bila kuuhesabu."

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika digrii 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikipata joto kali huharibika, na ikiganda huharibika pia. Kwa hiyo umeme wa gari lile haukuwa wa starehe peke yake. Ulilinda afya ya mtu.

Betri inavyofanya kazi

Betri ya kwanza ilitengenezwa na mwanasayansi wa Italia, Alessandro Volta, katika mwaka 1800. Betri hiyo ilitoa umeme, lakini ikiisha haikuweza kujazwa tena. Mwaka 1859 Gaston Planté wa Ufaransa alitengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo huweza kujazwa umeme mara nyingi. Betri nyingi za magari mpaka leo ni za jinsi hiyo.

Betri ya gari ina vyumba sita. Kila chumba hutoa volti 2 hivi. Vyumba vyote sita vimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo betri nzima hutoa volti 12. Ndani ya kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfa.

Betri inapotoa umeme, asidi huungana na sahani, na mchanganyiko huzidi kuwa mwepesi kama maji. Sahani hufunikwa na chumvi nyeupe ya risasi. Betri inapochajiwa, chumvi hiyo huyeyuka na asidi hurudi katika maji. Lakini betri ikiachwa tupu kwa majuma mengi, chumvi hiyo huwa ngumu na hairudi tena. Betri ya namna hiyo hata ikichajiwa mchana kutwa haijai. Hii ndiyo sababu kubwa ya kufa kwa betri nyingi.

Jaribio la 1: Kutengeneza betri ndogo

Vitu vinavyotakiwa: ndimu nne, misumari minne ya bati, vipande vinne vya waya wa shaba uliomenywa, nyaya nyembamba, na taa ndogo sana ya LED nyekundu.

Njia: Choma msumari mmoja na kipande kimoja cha shaba katika kila ndimu. Visigusane. Unganisha shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ndimu ya pili, shaba ya pili na msumari wa tatu, na shaba ya tatu na msumari wa nne. Sasa unganisha taa na msumari wa kwanza na shaba ya mwisho. Isipowaka, geuza miguu ya taa.

Umeona nini? Taa huwaka kwa mwanga hafifu. Sasa jaribu kwa ndimu moja. Kwa nini taa haiwaki? Ndimu moja hutoa volti isiyofika 1. Ndimu nne zilizounganishwa kwa mfuatano hujumlisha volti zao, kama vyumba sita vya betri ya gari. Baada ya jaribio usizile ndimu hizo.

Jaribio la 2: Yai na maji ya chumvi

Weka yai bichi katika bilauri ya maji matupu. Yai huzama. Litoe, kisha koroga vijiko kadhaa vya chumvi katika maji yale mpaka iyeyuke. Rudisha yai. Sasa huelea, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matupu.

Fundi hupima asidi ya betri kwa kanuni hiyo hiyo. Hutumia chombo kiitwacho haidromita, chenye kielezi ndani yake. Betri ikijaa umeme, asidi ni nzito na kielezi huelea juu. Betri ikiwa tupu, asidi ni nyepesi na kielezi huzama. Fundi hupima kila chumba. Chumba kimoja kikitofautiana sana na vingine, betri hiyo ina ugonjwa.

Betri iliyofungwa kabisa haipimwi kwa haidromita. Hupimwa kwa mita ya volti baada ya kupumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa:

Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
Volti 12.2 hivi: imebaki nusu.
Volti 11.8 au chini yake: betri imekwisha.

Inveta ni nini?

Umeme wa betri hupita upande mmoja tu, kama maji ya mto. Huitwa mkondo mnyoofu. Umeme wa majumbani huenda mbele na kurudi nyuma, kama msumeno wa seremala. Huitwa mkondo geu. Nchini Tanzania umeme wa majumbani ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde.

Televisheni iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12. Inveta hufanya kazi ya kubadili. Ndani yake mna swichi za kielektroni zinazogeuza mkondo kwa haraka sana, na transfoma inayopandisha volti kutoka 12 hadi 230. Inveta nzuri hutoa mawimbi laini kama yale ya umeme wa nyumbani. Inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi, ambayo huweza kupasha moto mota za feni na majokofu.

Kumbuka: Inveta haizalishi umeme. Huubadili tu umeme uliomo katika betri, na katika kubadili huko sehemu ya umeme hupotea kuwa joto. Tena inveta iliyowashwa hula umeme hata kama hakuna chombo kinachotumika. Ingawa hutoa volti 230 kutoka betri ya volti 12, umeme wake huweza kuua kama umeme wa nyumbani.

Kuhesabu umeme

Betri ni kama mtungi wa maji. Huwezi kuteka zaidi ya ulichotia. Ukubwa wa betri huandikwa kwa ampea-saa. Betri ya mzee ilikuwa ya ampea-saa 100 na volti 12:

100 x 12 = wati-saa 1,200

Lakini betri ya risasi haifai kutumiwa mpaka iishe. Ikitumiwa zaidi ya nusu kila siku, maisha yake hufupika. Kwa hiyo mzee alikuwa na wati-saa 600 tu za kutumia. Tazama matumizi yake ya siku moja wakati ule:

Jokofu: wati 45 x saa 10 = 450
Taa tatu: wati 15 x saa 4 = 60
Feni: wati 20 x saa 6 = 120
Televisheni: wati 40 x saa 3 = 120
Inveta yenyewe: wati 10 x saa 24 = 240
Jumla: wati-saa 990

Jokofu huwa tayari mchana na usiku, lakini mota yake hupumzika na kuanza tena. Ndiyo maana tumehesabu saa 10 tu.

Sasa tazama umeme ulioingia. Paneli yake moja ilikuwa ya wati 100. Kwa saa 5 za jua kali ilitoa wati-saa 500. Kila siku zilitoka 990 na kuingia 500. Mtungi uliotobolewa hivyo ungekosaje kukauka?

Kuongeza uwezo

Mzee alikosea mara ya pili kabla ya kupata njia. Alichukua betri kuukuu ya lori akaiunganisha na betri yake. Betri kuukuu ilinyonya umeme wa betri mpya, na baada ya muda mfupi zote mbili zikafa. Betri zinazounganishwa pamoja ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja.

Ndipo fundi umeme wa gereji akamshauri afuate hatua tatu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupunguza matumizi, nayo haikugharimu fedha nyingi. Jokofu lile liliweza kutumia volti 12 pia. Liliondolewa katika inveta na kuunganishwa na betri kwa waya na fyuzi yake. Inveta ikawa inawashwa kwa saa 3 tu, wakati wa televisheni. Badala ya kula wati-saa 240, ikala 30. Jumla ya matumizi ikashuka kutoka 990 hadi 780.

Hatua ya pili ilikuwa kuongeza umeme unaoingia. Waliongeza paneli nyingine ya wati 100. Paneli mbili kwa saa 5 za jua hutoa wati-saa 1,000. Ziada ya 220 hufidia umeme unaopotea katika nyaya na siku za mawingu. Waliweka pia kidhibiti chaji, chombo kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi.

Hatua ya tatu ndiyo ilikuwa kununua betri. Walinunua mbili mpya za ampea-saa 100, za aina inayovumilia kutumiwa polepole kwa saa nyingi. Betri ya kuwashia injini haifai kazi hiyo, kwa maana imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Waliziunganisha sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti zilibaki 12, lakini ampea-saa zikawa 200. Nusu yake ni wati-saa 1,200, zinazotosha siku moja na nusu bila jua.

Kwa nini betri zilinunuliwa mwisho? Kuongeza betri bila kuongeza umeme unaoingia ni kununua mtungi mkubwa na kuuweka chini ya bomba lile lile linalodondoka.

Nyaya nazo lazima zilingane na kazi. Inveta inayotoa wati 600 huvuta kutoka betri ya volti 12 mkondo wa ampea 50 au zaidi. Mkondo mkubwa katika waya mwembamba hutia joto, na joto huweza kuwasha moto. Kwa hiyo waya wa inveta huwa mnene na mfupi, na fyuzi huwekwa karibu na betri.

Siku hizi ziko pia betri za lithiamu. Ni nyepesi, hazitiwi maji, na sehemu kubwa ya umeme wake hutumika bila kuziharibu. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi. Zinahitaji chaja na kidhibiti kinachozifaa, wala haziunganishwi na betri za risasi.

Kutunza betri

Kazi hizi hufanywa na mtu mzima anayezijua. Wewe jifunze sababu zake.

1. Maji. Betri yenye vifuniko hukaguliwa kila mwezi. Maji yakipungua, huongezwa maji yaliyokenekwa, ambayo dukani huitwa maji ya betri. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu sahani. Asidi haiongezwi, kwa kuwa kinachopotea katika kuchaji ni maji. Betri iliyofungwa haifunguliwi kamwe.

2. Usafi. Unga mweupe au wa kijani katika vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Kwanza betri hutenganishwa na nyaya, ukianza na waya wa hasi. Unga huoshwa kwa maji yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya vyumba. Kisha vichwa hukaushwa, hukazwa na kupakwa grisi.

3. Hewa. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikichanganyika na hewa na kupata cheche, hulipuka. Sanduku la betri lazima liwe na matundu ya kutolea gesi nje. Kiberiti, sigara na kibatari visisogezwe karibu.

4. Chuma. Spana ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja hutoa cheche kali na kuungua. Fundi huvua pete na saa kabla ya kuanza kazi.

5. Asidi. Hutoboa nguo na kuunguza ngozi. Fundi huvaa miwani na glavu. Ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Betri kuukuu

Betri iliyokufa bado ina sumu. Risasi ikiingia mwilini huharibu ubongo, na watoto huumia zaidi kuliko watu wazima. Huko Mombasa nchini Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Risasi yake ilienea katika makazi ya watu, na wakazi wakaugua. Phyllis Omido, mama aliyepata kufanya kazi katika kiwanda hicho, aliongoza wakazi kudai haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia.

Kwa hiyo betri kuukuu isipasuliwe uani, isichomwe, na asidi yake isimwagwe shambani wala kisimani. Ipelekwe kwa wanunuzi wa betri kuukuu walioruhusiwa, ili risasi yake itumike tena kwa njia salama.

Mwisho wa ziara

Kabla ya kuondoka, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Babu, sasa jokofu la bibi halizimiki tena?"

Mzee alichukua daftari lililoning'inia kando ya sanduku la betri. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, volti za asubuhi na volti za jioni. "Volti zikishuka mpaka 12.2," alijibu, "tunazima televisheni, kisha feni. Jokofu haliguswi. Tangu tulipoanza kuandika, halijazimika hata usiku mmoja."

Mambo tuliyojifunza

Betri huhifadhi umeme, na inveta huubadili kutoka mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu. Betri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu, wala isiachwe tupu. Kabla ya kununua betri nyingine, hesabu umeme unaotoka na unaoingia.

Maswali

1. Betri ya gari ina vyumba vingapi? Kila kimoja hutoa volti ngapi?
2. Kwa nini tunaongeza maji yaliyokenekwa katika betri na si asidi?
3. Eleza tofauti kati ya mkondo mnyoofu na mkondo geu.
4. Betri ni ya volti 12 na ampea-saa 150. Ina wati-saa ngapi? Ngapi kati ya hizo zafaa kutumiwa?
5. Familia inatumia taa nne za wati 5 kwa saa 5, na redio ya wati 10 kwa saa 6. Jumla ni wati-saa ngapi?
6. Kwa nini mzee alipunguza matumizi kwanza kabla ya kununua betri mpya?

Kazi ya nyumbani

Muulize mzazi au jirani mwenye sola au gari jinsi anavyotunza betri yake. Usiiguse. Andika mambo mawili anayofanya vizuri, na jambo moja ulilojifunza hapa ambalo ungependa kumweleza kwa adabu.